Aliyekuja Kuuliza Habari za Yasuji

Kikue alimtambua kwa viatu. Asubuhi ile ya Aprili theluji ilikuwa bado imelala kwenye vivuli vya nyumba na njia ya kijiji ilikuwa tope tupu, lakini mtu aliyekuwa akipanda kilima alivaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa, na kila baada ya hatua chache alisimama akavifuta kwa karatasi. Mwuza mbolea hana shida hiyo. Mtu wa bima naye huja na mabuti. Huyu mkononi alishika boksi lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau.

"Baba Chizuko," Kikue alimwita mumewe bila kubanduka dirishani. "Kaja."

"Nani?"

"Wa kuulizia."

Eikichi alikuwa amelala kifudifudi, taulo la moto mgongoni. Mgongo wake ulikufa miaka kumi na miwili iliyopita na kazi yake kubwa tangu hapo ilikuwa kulala hivyo. "Anaulizia nini?"

"Bei ya vitunguu. Anaulizia nini unadhani? Nyumba ya mbele kuna kijana wa miaka thelathini na moja hajaoa."

"Basi toka dirishani. Atadhani ulikuwa unamsubiri."

"Miaka sita namsubiri! Acha adhani."

Nyumba ya mbele ilikuwa ya Masu, mjane, na mwanawe wa pekee, Yasuji. Kati ya mlango wa Kikue na mlango wa Masu kulikuwa na hatua kumi. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba kumi na moja juu ya mji wa Iiyama, na katika nyumba kumi na moja huwezi kumkwepa mtu hata ukitaka. Kikue alitaka, na alijitahidi.

Posa pale haikubaliwi mpaka mtu atumwe kuuliza. Anayetumwa hupita nyumba tatu zinazotazamana na nyumba ya mhusika, na mbili za ubavuni. Hasemi katumwa na nani, nawe humwulizi. Ukimwuliza umejivunjia heshima mwenyewe. Unampa chai, unapokea boksi lake la keki, unasema yako, anakwenda zake. Siku hizi mijini kulikuwa na ofisi kabisa za kazi hiyo, na watu wake ndio hao wa viatu vya ngozi. Ila mtindo ulikuwa uleule.

Miaka sita iliyopita aliyekuja alikuwa mwanamke, na aliyeulizwa habari zake alikuwa Chizuko, binti wa pekee wa Kikue, wakati huo miaka ishirini na mitatu. Mchumba alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Kitambaa cha arusi kilikuwa kimeshanunuliwa. Yule mwanamke alikaa nyumba nyingine robo saa, kwa Masu akakaa saa nzima, na baada ya siku kumi ikaja barua ya adabu sana kusema nyota za watoto hazikupatana. Mshenga alikuja kunong'ona yaliyokuwa nyuma ya barua: wamesikia nyumba yenu ina ugonjwa wa kifua.

Ni kweli Mine, dada yake Kikue, alikufa kwa kifua kikuu mwaka vita vilipokwisha. Nyumba zote kumi na moja zilijua. Lakini saa nzima ilikuwa kwa Masu. Kikue hakuhitaji ushahidi mwingine.

Mwezi uliofuata Chizuko alifunga mizigo akaenda Matsumoto, akapata kazi kwenye duka la miso, ile soya ya kuchachusha, na chumba juu ya mapipa. Mwanzo alirudi kila mwaka mpya. Halafu mwaka mmoja huja, mmoja haji. Sasa ulikuwa mwaka wa pili hajakanyaga. Barua zake zilikuwa fupi na za heshima. Kikue alikuwa mtu wa kufagia, kupika, kukaripia na kufua, na mtu wa namna hiyo akikosa wa kumkaripia hujiona hana kazi. Alimtaka binti yake karibu, basi. Masu ndiye aliyemfukuza.

Tangu hapo Kikue hakusema na Masu ila yale ya lazima: mfereji, msiba, zamu ya kengele ya moto. Zamani wanawake hao wawili walifuga viwavi wa hariri pamoja kwenye dari kubwa ya Masu. Kikue aliacha kufuga, akakata miforosadi yake ya kuwalisha, yote kumi na minane, na mwaka huohuo bei ya hariri ikapanda. Zamani waliogea bafu moja kwa zamu ili kuokoa kuni. Kikue akajenga bafu lake, likawa linavuja. Alijitoa chama cha akina mama kwa sababu Masu alikuwa katibu. Walipokwenda safari ya chemchemi za maji ya moto, basi lilimpita amesimama njiani na jembe, wote wakampungia mikono, na Masu naye akapunga. Kila hasara ilimwangukia yeye. Masu hakukonda hata kidogo.

Lakini Yasuji angeoa siku moja. Na mtu wa kuulizia angekuja. Na nyumba inayotazamana na ya Masu ilikuwa hii.

"Hodi," ikaja sauti mlangoni.

*

Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na mafua. Kikue alimkaribisha kwenye mto mzuri wa kukalia, akaweka chai na majani ya tanipu ya chumvi. Eikichi alijikokota hadi chumba cha pili, akafunga mlango wa karatasi.

"Samahani kwa usumbufu," mgeni alisema. "Ni habari za kijana wa nyumba ya mbele, Bwana Yasuji. Jambo la heri."

"Loo, hongera zao," alisema Kikue. "Kijana mpole huyo. Yuko ushirika wa wakulima. Hakosi kazini."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akatafuna jani la tanipu.

"Mama yake anampenda. Mashamba wanayatunza."

Mgeni akapenga kamasi.

"Ila," alisema Kikue, akashusha sauti.

Penseli ikatoka mfukoni. Kikue aliiona ikitoka na moyo wake ukaruka kama wa msichana. Miaka sita alikuwa akiyapanga maneno haya akipalilia, akiosha sufuria, akiwa msalani. Alijua hata pa kuvuta pumzi.

"Kila mwezi, Jumamosi, anavaa shati lililopigwa pasi, anapanda basi la kwanza. Anakwenda Matsumoto. Anarudi Jumapili jioni. Hana ndugu Matsumoto, mimi nawajua ndugu zake wote. Kijana anafuata nini huko kila mwezi? Mimi sisemi."

"Mwanamke?"

"Mimi nimesema? Wewe ndiye umesema."

Mgeni aliandika. "Na nyumba yenyewe? Afya?"

Hapa Kikue alimimina chai taratibu, kama alivyopanga. "Baba yake alianguka kutoka paani akiondoa theluji. Ndivyo ilivyoandikwa. Tatsunosuke, maskini. Mtu aliyepanda paa lile miaka ishirini hajateleza hata mara moja. Na siku hiyo hakujifunga kamba. Kwa nini mtu asijifunge kamba? Na wiki ile alikuwa hasemi na mtu, anatazama tu. Sisi majirani tulinyamaza kwa ajili ya mtoto. Hata babu yake, upande huohuo, mwisho wake haukuwa mzuri. Mimi sisemi alijirusha."

"Hapana, hukusema," alisema mgeni, penseli ikikimbia.

Chumba cha pili Eikichi alikohoa kwa nguvu. Mgeni alishukuru, akainama mara tatu, akaenda kuvaa viatu vyake vizuri.

Kikue alifungua boksi. Keki za maharage kumi na mbili, za duka zuri.

"Njoo ule, baba Chizuko!"

Mlango wa karatasi ulifunguka. Eikichi alikuwa amesimama wima, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi bila kushika ukuta.

"Tatsunosuke aliondoa theluji kwenye paa letu kwanza asubuhi ile," alisema. "Kwa sababu ya mgongo wangu. Alipomaliza letu vidole vilikuwa havifungi fundo. Wewe ndiye uliyempa supu, ukamwambia apumzike, akasema amalize lake."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua! Nimesema tu. Wao hawakusema ya Mine?"

"Mimi keki hizo sili," alisema Eikichi, akarudi kulala.

Kwa hiyo alizila mwenyewe. Zilimchukua siku tatu na zilimpa kiungulia. Alingoja furaha ije. Kila asubuhi alitazama ng'ambo kuona kama Masu amepata barua ya adabu. Masu alianika nguo, akapiga godoro, akaimba. Ikamuudhi Kikue kwamba ofisi inayolipwa inaweza kufanya kazi polepole kiasi hicho.

*

Wiki tatu baadaye lilipita basi la saa nne na Chizuko akashuka.

Kikue alikuwa shambani. Alitupa jembe akakimbia na matope yake. "Mwanangu! Huandiki barua? Umekonda! Hawakulishi? Umekuja kukaa siku ngapi?"

"Shikamoo mama. Twende ndani."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa sasa, amevaa koti la kijivu la mjini, na uso ule ambao Kikue aliufahamu tangu akiwa mtoto, uso wa mtu aliyeamua kutolia. Kikue aliona uso, lakini alikuwa na habari, na habari ilimwasha. Kabla hata maji hayajachemka aliitoa.

"Nimekulipizia, mwanangu."

"Umenilipizia nini?"

"Yule wa mbele. Alikuja mtu kuulizia Yasuji, akaingia hapa, akaketi hapohapo ulipoketi wewe. Nikamwonyesha! Kama walivyokufanya wewe, na wao waone. Hiyo posa imekufa, nakuhakikishia."

Chizuko aliweka mikono magotini. "Ulisema nini, mama? Neno kwa neno."

"Nilianza vizuri, kijana mpole, hakosi kazini..."

"Halafu?"

"Nikasema kila mwezi, Jumamosi, anavaa shati lililopigwa pasi..."

"...anapanda basi la kwanza," alisema Chizuko, "anakwenda Matsumoto, anarudi Jumapili jioni. Inadhaniwa ana mwanamke huko."

Birika lilianza kuimba. Hakuna aliyelitoa motoni.

"Umejuaje?" aliuliza Kikue.

"Nimesomewa ripoti. Imepigwa taipu, kurasa mbili. Ofisi ilitumwa na Bibi Tsukahara, mwenye duka. Yeye ndiye aliyekubali kuwa mshenga wetu."

"Wenu nani?"

"Mama, Yasuji anaishi Iiyama, hana ndugu Matsumoto. Anafuata nani huko kila mwezi? Mwanamke wa Matsumoto ni mimi."

Eikichi alikuwa ameinuka kwa kiwiko kimoja. Alirudisha kichwa chake chini polepole, akageukia ukuta.

"Miaka mitatu," alisema Chizuko. "Alikuja ushirika ulipomtuma kununua miso, akanikuta dukani. Tulificha kwa sababu yako. Kwa sababu ya mama yake pia, lakini zaidi yako. Tukasema Bibi Tsukahara asimamie, aulize kama inavyotakiwa, mambo yakishaiva aje hapa na sake na mapambo yake, uone haya kukataa. Mtu wa ofisi alipewa jina la Yasuji tu. Hakujua nyumba ya mbele ni ya nani. Na wewe hukumwuliza."

"Haiulizwi!" alipiga kelele Kikue. "Unajua haiulizwi! Ningejuaje? Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mama yako, kwa nini nisijue?"

"Ndiyo maana."

"Basi si rahisi? Mwambie huyo bibi mwanamke ni wewe. Atacheka."

"Alicheka. Hiyo tulicheka wote. Ya baba yake hatukucheka. Anasema hawezi kumpeleka msichana aliyekaa kwake miaka sita kwenye nyumba ambayo wanaume wake wanajiua. Nimemwambia ni uongo. Anasema, wewe unampenda, utasema nini." Chizuko alisimama. "Tungekaa pale, mama. Yasuji ni mtoto wa pekee, angekaa wapi kwingine? Ningekuwa pale mbele. Ungeniita ukiwa umekaa hapa."

Kikue alitazama mlango wa Masu. Hatua kumi.

"Nitarekebisha," alisema.

Chizuko alivaa viatu, akavuka njia mchana kweupe, akaingia kwa Masu bila kupiga hodi, kama mtu wa nyumbani. Baada ya muda Yasuji alitoka. Alisimama kizingitini pa Kikue, akamwinamia Eikichi aliyelala. Kikue hakumwinamia.

"Ya shati na basi ni sawa, mama Chizuko," alisema. "Mimi ni mtu mzima, kusengenywa nitavumilia. Lakini baba alitoka hapa. Alitoka kwenye paa hili."

"Najua, Yasuji, nilikuwa na hasira, nitakwenda mwenyewe..."

Alikuwa ameshageuka.

*

Kikue alikwenda Matsumoto keshokutwa yake kwa treni mbili, amevaa kimono chake cha misiba kwa sababu ndicho pekee kisicho na kiraka, na chupa mbili za sake, ile pombe ya mchele ya posa, zikimvunja mkono. Njia nzima aliyapanga maneno. Aliona ajabu jinsi maneno ya kusifu yalivyokuwa magumu kupanga.

Bibi Tsukahara alikuwa mfupi, wa miaka sabini, na aproni safi. Alimpokea chumba cha nyuma ya duka, harufu ya soya iliyochachuka imejaa kila mahali, akamshukuru kwa kumzaa Chizuko. Kikue aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nilidanganya," alisema hapohapo chini. "Aliyesema yale ni mimi. Tatsunosuke hakujirusha. Alichoka kwa kutufanyia kazi sisi, vidole vikafa ganzi, akateleza. Babu yake alikufa kitandani kwa uzee. Hakuna mwenye wazimu katika nyumba ile. Nilikuwa na kisasi na mama yake."

"Inuka, mama, inuka. Chai itapoa."

"Utamkubali kijana?"

Bibi Tsukahara alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuudhi Kikue kuliko matusi. "Chizuko ni binti mwema. Najua amelia. Mama gani hatapanda treni, binti yake akilia?"

"Hakulia! Hakunituma! Nimekuja mwenyewe kusema nilisema uongo!"

"Ndiyo, ndiyo."

"Hunisadiki."

"Mama Chizuko, nisikilize. Wasichana wa dukani kwangu niliowaoza ni kumi na mmoja. Kila mara nimeagiza kuulizia. Sifa huwa sizisomi. Kila jirani anasifu, ni adabu tu, hata ofisi hawaziandiki siku hizi, wanaokoa karatasi. Mimi nasoma pale mtu anaposhusha sauti. Pale ndipo penye ukweli, kwa sababu hakuna anayependa kusema vile. Siku ile wewe ulikuwa hujui ni binti yako. Ulisema bure, huna unachopata. Leo unajua, na una unachotaka. Nisadiki ya siku gani?"

Alitaka kupiga meza. Alikuwa amesema uongo kwa urahisi wa kumimina chai, na sasa alipoutoa ukweli hakuna aliyeutaka.

"Na wale waliomsifu?" aliuliza mwishowe. "Nyumba nyingine nne. Walisema nini?"

"Sikumbuki. Sijui kama waliandikwa."

Zile chupa za sake alirudishiwa, kwa heshima zote. Akazibeba tena.

Kwenye treni aliweka chupa katikati ya miguu, akatazama nje. Sifa haziandikwi, wanaokoa karatasi. Aliwaza yule mwanamke wa miaka sita iliyopita, na saa nzima kwa Masu. Masu alikuwa mtu wa maneno mengi. Masu akianza kueleza jambo huanzia kwa babu. Mtu kama huyo saa nzima alikuwa anasema nini? Kwa mara ya kwanza Kikue alijiuliza swali hilo kama swali, wala hakupenda lilikokuwa likimpeleka.

*

Masu alikuwa nje, anakata majani ya kulishia kuku. Hakuinua kichwa.

"Umetoka Matsumoto."

"Ndiyo."

"Wamekubali?"

"Hapana."

Kisu kiliendelea. Kikue aliweka chupa chini katikati ya njia.

"Mama Yasuji. Mwaka ule. Yule mwanamke alipokuja kuuliza habari za Chizuko. Ulimwambia nini?"

Masu aliacha kukata. "Leo ndiyo unauliza?"

"Nauliza leo."

"Nilimwambia sijaona msichana kama yule. Nilimwambia anavyomkanda baba yake mgongo, anavyoamka kabla yako, anavyolisha viwavi, kiwavi hata mmoja hamfii. Saa nzima nilisema. Nikamwonyesha soksi alizonifumia. Mwishoni akaniuliza, huyo Mine aliyeandikwa kwenye kaburi lao, alikufa kwa nini? Alikuwa ameshapita makaburini mwenyewe, ameona mwaka na umri. Nikasema kifua, zamani, Chizuko alikuwa mdogo, tangu siku hiyo mtoto hajakohoa hata kwa moshi. Sasa ningesema nini? Ningesema kaanguka paani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Nilikuja na bakuli la tambi siku ya tatu, ukanifungia mlango, tambi zikamwagika kwenye viatu. Nikasema, basi, akipoa atakuja. Miaka sita hujapoa." Masu aliinuka, akajipangusa magoti. Macho yake yalikuwa makavu. "Ya Tatsunosuke ulisema kwa mdomo wako?"

"Nilisema."

"Ulisema alikuwa hasemi na mtu, anatazama tu?"

"Nilisema."

"Wiki ile alikuwa anatafuta mbao za kukutengenezea benchi la kuogea, baba Chizuko aegemeze mgongo. Ndiyo maana alikuwa anatazama. Alikuwa anapima." Aliokota kapu lake. "Haya. Yasuji ameacha kazi ushirika leo asubuhi. Anasema hawezi kulala nyumba inayotazama dirisha lako. Wanakwenda Kawasaki, kuna kiwanda. Chizuko kamfuata, bila mshenga, bila sherehe, watajiandikisha ofisini kama wanaandikisha baiskeli. Mimi sina mtoto, wewe huna. Tuko sawa. Si ndicho ulichotaka, tuwe sawa?"

Akaingia ndani. Mlango wake ulikuwa mzito na alikuwa akiusukuma kwa nyonga. Leo aliusukuma kwa mikono miwili.

*

Barua kutoka Kawasaki zilianza Julai. Mtu wa posta alisimamisha baiskeli nyumba ya mbele. Kikue alisimama dirishani akamtazama akitoa bahasha, akampa Masu, akapanda baiskeli, akapita mlango wa Kikue akimsalimu.

"Hakuna ya huku?"

"Hakuna, mama."

Alivumilia barua mbili. Ya tatu, Septemba, alichukua bakuli la majani ya tanipu ya chumvi akavuka hatua kumi. Alikuwa hajavuka kwa hiari miaka sita. Masu alifungua mlango kiasi cha mkono kupita, akapokea bakuli.

"Wanasemaje?"

"Wana afya."

Mlango ukafungwa. Bakuli lilirudishwa kesho yake kizingitini, limeoshwa.

Oktoba alivuka na uyoga. "Wana afya," alisema Masu. Novemba, na viazi vitamu. "Wana afya. Yasuji kapandishwa cheo kidogo." Kikue alikaa na habari hiyo mwezi mzima, akamsimulia Eikichi kila jioni mpaka Eikichi akamwomba amsimulie nyingine. Aliandika barua zake mwenyewe, nne, akaomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Hazikurudishwa wala hazikujibiwa. Alijua zinasomwaje kule. Alimwona Chizuko na uso wake ule, anasoma, anakunja, anasema moyoni: leo ana anachotaka.

Desemba, siku ya theluji ya kwanza, bahasha ilikuwa nene. Kikue hakungoja hata kuchukua kitu cha kupeleka. Alivuka mikono mitupu, na Masu alikuwa bado mlangoni anasoma, miwani puani, midomo ikitembea. Alifika mwisho, akarudi mwanzo.

"Wana afya?" Kikue alimtangulia.

"Wana afya." Masu aliikunja barua mara mbili, akaiweka ndani ya nguo, kifuani. Alitaka kufunga mlango, halafu akaukawiza. "Wanatafuta chumba cha pili."

"Cha pili cha nini? Watu wawili wanataka chumba cha pili cha nini?"

Masu alimtazama. Kulikuwa na kitu karibu na mdomo wake, na wakati wowote mwingine maishani mwao angekitoa, na kukianzia kwa babu. Kikue alikiona kikija.

"Mama Yasuji," alisema. "Nakuomba. Anazaliwa lini?"

"Hakusema nikwambie," alisema Masu, na akausukuma mlango.